Bando limeisha, mbio sijaona: jibu kwa mwalimu shabiki wa baiskeli

*"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mbagala. Kwenye ofisi ya walimu kila mtu ni Simba au Yanga. Mimi peke yangu ndiye shabiki wa mbio za baiskeli. Nilianza 2015, Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alipovaa jezi ya madoa mekundu, ile ya mpandaji bora wa milima, kwenye Tour de France. Niliona kwa jirani mwenye kisimbusi, nikanasa hapo hapo. Siku hizi nina simu nzuri na nafuata kila kitu mtandaoni, lakini badala ya raha napata karaha. Bando la wiki linaisha kwa siku mbili. Nikisema nisubiri marudio, mtu anatuma matokeo kwenye kundi la WhatsApp kabla sijafungua. Hata nikiangalia mubashara, jina la mshindi linaingia kwenye simu ile ile wakati mimi bado naona wamebakiza kilomita moja! Linki za bure zimejaa matangazo ya kamari, na moja iliniambia nipakue programu kwanza, nikaipakua. Mwezi uliopita nilimtumia mtu Sh 20,000 kwa akaunti ya kuangalia mbio msimu mzima. Ilifanya kazi siku tatu. Sasa mwenzangu ananishauri ninunue VPN. Je, ninunue? Au nikubali tu kwamba mchezo huu si wa mtu wa bando? Binti yangu wa kidato cha pili naye ameanza kuupenda, sipendi aone baba yake anahangaika hivi."*

Mwalimu, nimekusoma na nimekuelewa. Umeuliza mengi, lakini naomba nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu: ile programu uliyoipakua. Hilo lishughulikie leo, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Tovuti zinazorusha mbio kwa wizi zinaishi kwa vitu viwili: matangazo ya kamari, na simu za wageni wao. Ukiambiwa upakue kitu kwanza ndipo uone picha, mara nyingi kitu hicho kitaomba ruhusa ambazo kazi ya kuonyesha video haizihitaji kabisa: kusoma meseji zako, kuona unachoandika kwenye skrini, kujitokeza juu ya programu nyingine. Kwetu hapa mshahara, ada na luku vyote vinapita kwenye simu, kwa hiyo anayesoma meseji zako anasoma pia namba za siri zinazotumwa na benki. Ingia kwenye mipangilio ya simu, iondoe programu hiyo, kisha pitia orodha ya programu zilizobaki uone zipi zina ruhusa ya kusoma meseji. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu na uangalie miamala ya mwezi mzima, hata ile midogo.

Kama programu inakataa kuondoka, au matangazo yanaibuka hata ukiwa hujafungua chochote, usihangaike nayo peke yako. Ipeleke simu kwa fundi unayemwamini, mkiwa wote wawili mezani, ahifadhi picha zako na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Ukikuta pesa zimetoka, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyo hiyo, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na taarifa ya miamala. Piga pia *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Namba iliyopokea zile Sh 20,000 iripoti kwa meseji kwenda 15040. Sitakudanganya: baada ya mwezi mzima, uwezekano wa kuzipata ni mdogo. Ila taarifa yako inasaidia namba hiyo ifungwe kabla haijamla mwingine.

Na akaunti ile ilikufa kwa sababu rahisi. Huduma za kulipia za kuonyesha mbio mtandaoni zinaruhusu akaunti moja itumike kwenye vifaa vichache kwa wakati mmoja. Aliyekuuzia alikuwa amewauzia watu wengi akaunti hiyo hiyo. Mbio kubwa zilipoanza mkaingia wote, mkaanza kutoana, mfumo ukagundua, akaunti ikafungwa. Ndivyo biashara hiyo inavyokwenda kila mara, hata muuzaji akiwa na maneno matamu na picha za wateja walioridhika.

Sasa tuje kwenye mzizi. Nikisoma malalamiko yako yote, naona mtu anayefuata baiskeli kama anavyofuata mpira. Umejiwekea sharti kwamba shabiki wa kweli lazima aone, aone mubashara, na aone yote. Sharti hilo ni la haki kwa mchezo wa dakika tisini unaochezwa kwenye uwanja ambao jicho moja linaumaliza. Kwa mbio za baiskeli halijawahi kuwa la haki, na wala mchezo huu haukujengwa hivyo.

Tour de France ilizaliwa 1903 kwa ajili ya kuuza gazeti. L'Auto, gazeti la michezo la Paris lililokuwa chini ya mhariri Henri Desgrange, lilikuwa linagombania wasomaji na mpinzani wake, na mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre, akatoa wazo la mbio za kuizunguka Ufaransa. Walianza waendeshaji 60, wakamaliza 21, na Maurice Garin akashinda baada ya kilomita 2,428 zilizogawanywa katika hatua sita, yaani vipande sita vya safari, kila kimoja na mshindi wake. Jiulize, nani aliziona mbio hizo? Mwanakijiji aliona vumbi likipita mbele ya mlango wake, basi. Lefèvre mwenyewe alikuwa akirukia treni na kupanda baiskeli ili awawahi, akiona kipande hapa na kipande pale. Mbio nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, zilikuwepo mahali pamoja tu: kwenye kurasa za gazeti la kesho yake. Jezi ya njano yenyewe, ile ya anayeongoza, ilipoanza 1919 ilibeba rangi ya karatasi ya L'Auto. Waitaliano nao walianzisha Giro d'Italia 1909 kupitia La Gazzetta dello Sport, gazeti la karatasi ya waridi, na jezi ya kiongozi wao ni ya waridi hadi leo.

Hata anayeshindana hazioni mbio zote. Aliye ndani ya kundi kuu, kati ya watu zaidi ya mia, anaona mgongo wa aliye mbele yake. Aliyechomoka dakika sita zilizopita hamuoni. Kwa miongo mingi aliyewaunganisha alikuwa mtu mmoja aliyekaa nyuma ya pikipiki akiwa na ubao mdogo mweusi na chaki. Anaandika namba za waliochomoka na dakika walizowaacha wenzao, pikipiki inapunguza mwendo, anaunyanyua ubao, wanasoma, anafuta, anaandika upya. Mwalimu, wewe chaki unaijua. Timu zilipanga nguvu za watu wao kwa namba ile: tuwafuate sasa, au tuwaache wachoke?

Namba ile ile ya ubaoni ndiyo inayokufikia leo Mbagala kwenye simu, kwa maandishi, kwa data isiyofika hata MB chache. Tangu 2015 baiskeli za Tour hubeba vifaa vya GPS, kwa hiyo unajua nani yuko wapi na ameachwa kwa sekunde ngapi, pengine kuliko mwenye kuendesha. Kuonyesha kila hatua ya Tour mubashara mwanzo hadi mwisho kulianza 2017 tu. Kwa zaidi ya karne moja mashabiki walisoma, walisikiliza redio, na wakaona kipande. Hakuna aliyewaambia wao ni nusu shabiki, na wewe usikubali kuambiwa.

Ukitaka ushahidi wa karibu, tazama Eritrea. Hakuna nchi Afrika inayoupenda mchezo huu kuliko ile, na ni miongoni mwa nchi zenye intaneti finyu kuliko zote duniani. Kampuni ya simu ni moja, na watu wengi huingia mtandaoni kwa kwenda kwenye duka la intaneti. Bado Biniam Girmay, kijana wa Asmara, aliposhinda hatua tatu za Tour 2024 na kurudi na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi, ya kwanza kwa Mwafrika yeyote, watu wa Asmara walikuwa wameshiba habari zake, kwa televisheni za mikahawani na kwa kusimuliana. Mapenzi yao hayakuhitaji GB.

Nisije nikaonekana naidharau intaneti, imetufanyia makubwa. Zamani mtu wa Dar angepata mstari mmoja wa matokeo ya Tour mwezi Julai, akibahatika, na kuanzia Agosti baiskeli isingetajwa tena. Leo unaweza kujua nani ataanza mbio za Ubelgiji mwezi Machi, amewahi kumaliza wa ngapi, timu yake imemleta kufanya kazi gani. Tovuti ya ProCyclingStats inakupa mengi ya hayo bure, na ni nyepesi hata kwa mtandao wa 3G. Mchezo huu bila kujua majina na kazi za watu ni kundi la rangi linalosogea barabarani. Ukiyajua, kila mtu anayekwenda mbele kuvuta kundi ana sababu, na unaiona. Ndipo utamu ulipo, na huo unapatikana kwa kusoma.

Kinachoniudhi kidogo kuhusu enzi hii ni vipande vifupi vya video. Mei 2022 Girmay alishinda hatua ya kumi ya Giro pale Jesi, Italia, kwa kumshinda Mholanzi Mathieu van der Poel ana kwa ana, baada ya nusu ya pili ya hatua iliyojaa vilima vya kupanda na kushuka. Akapanda jukwaani, akafungua chupa ya mvinyo, kizibo kikamruka kwenye jicho la kushoto, akapelekwa hospitali na hakuendelea na mashindano. Kizibo kilizunguka dunia nzima. Ile kazi ya kilomita karibu mia mbili iliyomfikisha jukwaani haikuzunguka. Ukifuata mchezo kwa vipande tu, utakuwa na habari nyingi za ajali na vizibo, na hutaelewa kwa nini mtu ameshinda.

Twende kwenye bando, na hapa tupige hesabu. Huibiwi, ingawa najua inauma na inaonekana hivyo. Video ya mtandaoni huandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, na kichezeshi kwenye simu yako kinapima mtandao kila sekunde chache na kuchagua. Mtandao ukiwa mzuri kinapanda kwenye ubora wa juu bila kukuuliza. Kwa hiyo kadiri mtandao wa mtaani kwako unavyokuwa mzuri, ndivyo bando linavyokwisha haraka.

Video ya kiwango cha 720 inatumia takribani megabiti 3 kwa sekunde. Gawa kwa nane, zidisha kwa sekunde 3,600: unapata kama GB 1.35 kwa saa. Hatua moja ya Tour huchukua saa nne hadi tano, tuseme nne na nusu. Hatua ni 21. Ukiangalia zote hivyo umetumia zaidi ya GB 127 kwa wiki tatu. Hakuna mshahara wa mwalimu unaostahili mateso hayo. Sasa weka kiwango mwenyewe kwa mkono, 480, ambacho kinakwenda na kama megabiti 1 kwa sekunde, yaani MB 450 kwa saa, na uangalie saa ya mwisho tu ya kila hatua. Tour nzima inakuwa chini ya GB 10. Usishuke hadi 240. Kwenye mpira utavumilia, lakini kwenye baiskeli hutasoma namba mgongoni wala kutofautisha jezi, utaishia kukodoa macho. Ukiona hata GB 10 ni nyingi, chagua hatua nane za maana: zile za milima mikubwa, moja au mbili za mbio dhidi ya saa (kila mtu anaendesha peke yake akipimwa muda), na zile ambazo mtu wako ana nafasi. Hizo nane hazifiki GB 4.

Saa ya mwisho inatosha kwa sababu mchezo wenyewe umepangwa hivyo. Ndani ya kundi, aliye nyuma ya wenzake anakingwa upepo na kuokoa nguvu nyingi sana, kwa hiyo hakuna timu inayomwaga nguvu zake mapema bila sababu. Saa tatu za kwanza hupita kwa kuruhusu wachache wachomoke na kuwadhibiti wasiende mbali. Unazifuata kwa maandishi huku unasahihisha madaftari. Kukiwa na jambo, maandishi yatakuambia, unafungua picha. Na jiografia imekupendelea: majira ya joto ya Ulaya sisi tuko mbele ya Ufaransa kwa saa moja, hivyo hatua nyingi zinamalizika karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Umeshatoka shule, umeshaoga.

Kuna njia ya tatu watu wanaisahau, nayo ni sauti. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde inatumia kama MB 29 kwa saa. Vipindi vya kuchambua mbio, ambavyo vingi ni vya Kiingereza na Kifaransa, unavipakua shuleni kama kuna Wi-Fi na kusikiliza kwenye daladala.

Swali lako la taarifa kuwahi picha limenifurahisha, kwa sababu bila kujua umeshapima wewe mwenyewe ucheleweshaji wa simu yako. Wanaokimbilia mstari kwenye mbio za kasi wanakwenda kama kilomita 60 kwa saa. Kilomita moja kwao ni dakika moja. Kama jina la mshindi linaingia wakati wewe unaona bango la kilomita ya mwisho, picha yako iko nyuma kwa dakika moja hivi.

Dakika hiyo inapotea njiani. Kamera iko kwenye pikipiki inayokwenda. Pikipiki haiwezi kuvuta waya, kwa hiyo inarusha mawimbi juu kwa helikopta au ndege inayozunguka angani, nayo inayashusha kwenye kituo kilichoko karibu na mstari wa kumalizia. Pale waongozaji wanachagua picha, inapanda satelaiti, inafika kwa aliyenunua haki. Mpaka hapo ni sekunde chache tu. Sehemu kubwa ya muda inaliwa na intaneti yenyewe: picha inabanwa, inaandaliwa kwa kila kiwango cha ubora, inakatwa vipande vya sekunde kadhaa kadhaa, vipande vinasambazwa kwenye seva za nchi mbalimbali, kisha simu yako inavikusanya. Na simu haianzi kuonyesha mpaka iwe na vipande vya kutosha mkononi, kama daladala isivyoondoka kituoni ikiwa tupu, ili mtandao ukiyumba kidogo picha isigande. Akiba hiyo ndiyo inayokuweka nyuma.

Jina la mshindi halipiti njia hiyo. Kila baiskeli ina kifaa kidogo cha kuhesabu muda. Ikivuka mstari kompyuta inasoma, mtu anathibitisha, na maandishi mafupi yanasafiri dunia nzima kwa muda wa kufumba na kufumbua. Hakuna cha kutengeneza kwenye simu yako, ni ya kawaida kabisa. Dawa ni kuzima arifa za programu ya matokeo ikibaki kilomita kumi, na kulinyamazisha lile kundi la WhatsApp kuanzia saa kumi na moja jioni. Waambie tu wenzako; mashabiki wa baiskeli wanaelewana kwa hili. Na siku utakayoharibiwa matokeo, angalia tu marudio. Mpira ukijua ni moja bila, umeisha. Mbio za mlimani ukijua aliyeshinda bado hujui alimwacha nani, wapi, na kwa msaada wa nani.

Kuhusu VPN, jibu langu ni usinunue. Nieleze kwanza kwa nini baadhi ya tovuti zinakufungia mlango. Wengi hapa hudhani ni dharau kwa Mwafrika. Ni mikataba. Mwandaaji wa mbio anauza haki za kuonyesha nchi kwa nchi au kanda kwa kanda, na anayenunua haki za Uingereza haruhusiwi kumwonyesha mtu wa Tanzania. Tovuti inaangalia anwani ya mtandao wako, inaona ni ya kampuni ya simu ya hapa, inakuzuia. VPN inaifanya ionekane uko kwingine. Kiufundi inaweza kufanya kazi. Lakini kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni za 2020 zina makatazo kuhusu nyenzo za namna hii, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Mtumishi wa umma asilichukulie jambo hilo kwa wepesi. Kama unaihitaji kwa kazi, muulize mwanasheria au uende TCRA wenyewe. Pia utakuwa umevunja masharti ya huduma unayoilipia, na wakikugundua wanafunga akaunti. Nyingi hazipokei malipo yasiyo ya kadi ya nchi zao. Na zile VPN za bure, nyingi zinaishi kwa kuuza habari za watumiaji wao. Umeshachomwa mara mbili mwaka huu, inatosha.

Njia halali zipo, ingawa si kamilifu. Chaneli rasmi ya Tour de France kwenye YouTube huweka muhtasari wa kila hatua, dakika chache tu. Waandaaji wa mbio ndogo ambazo hazina mnunuzi ukanda wetu mara nyingine huzifungua bure mtandaoni. Angalia kurasa zao rasmi siku moja kabla. Kisimbusi cha jirani bado kina thamani: mkichangia kifurushi cha Julai peke yake, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba mbio zimo, itakuwa nafuu kuliko bando. Na fikiria kibanda umiza. Ligi Kuu inakuwa mapumziko, ligi za Ulaya hazijaanza, mwenye kibanda ana viti vitupu jioni nzima. Ukienda na watu watano watakaolipa na kununua soda, kwa nini akatae? Mwaka wa Kombe la Dunia ndio usimsumbue.

Binti yako nimemweka mwisho kwa sababu namfurahia. Mwonyeshe Kim Le Court wa Mauritius. Aprili 2025 alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake, Mwafrika wa kwanza, kati ya wanaume na wanawake, kushinda moja ya zile mbio kongwe tano zinazoheshimiwa kuliko zote za siku moja, na Julai na Agosti mwaka huo huo akavaa jezi ya njano kwenye Tour de France ya wanawake, iliyoanza kwa sura yake ya sasa 2022. Mbio za wanawake zina siku chache na hatua fupi, bando linazimudu vizuri. Mpe yeye kazi ya kufuata maandishi na kukusimulia ukirudi. Nadhani atakushinda haraka.

Na usiishie kwenye simu. Alfajiri za mwisho wa wiki utawaona waendesha baiskeli wa Dar barabara ya Bagamoyo na upande wa Masaki. Wasalimie wakipumzika, wengi wao wanafuata mbio hizi na wanatafuta mtu wa kuzungumza naye kama wewe. Halafu anza kuweka akiba kidogo kidogo ya Rwanda. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, kwenye vilima vilivyowamaliza watu: Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliomaliza mbio za wanaume walikuwa 30 tu. Hayo yamepita, lakini Tour du Rwanda ipo kila mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Februari. Kusimama kando ya barabara ni bure, hakuna tiketi wala bando, na mlimani wanapita taratibu kiasi cha kuwaona nyuso. Mabasi ya Dar hadi Kigali yanapitia mpaka wa Rusumo. Tatizo lako litakuwa ruhusa, maana Februari shule zimefungua, kwa hiyo zungumza na mkuu wako mapema, ratiba ya hatua ikishatoka. Chagua siku ya hatua ya Musanze, kaskazini mwa Rwanda, kama ipo, ukae kwenye mwinuko na si kwenye tambarare. Kagua pasi za kusafiria zenu wote wawili, na mbebe masweta. Kule juu jioni si joto la Mbagala.